MAZOEZI YA BASTOLA YA KUJIHAMI: mambo ya kujua kabla hujafyatua hata risasi moja

Leo naomba tuweke siasa na mpira pembeni. Kuna mada nimeombwa sana niiandike, nikawa naipiga chenga kwa sababu inahusu silaha, na silaha si kitu cha kuandika ukiwa na haraka. Mada yenyewe ni mazoezi ya bastola kwenye uwanja wa shabaha, yale ya mtu mwenye leseni anayetaka kujilinda. Si ya sinema.

Kwanza nijieleze, maana najua kuna mtu atauliza "wewe dogo wa form four umeyajulia wapi haya?" Swali zuri. Nilipomaliza kidato cha nne, matokeo yakawa yale ya kusema "namshukuru Mungu" na kunyamaza. Nikapita mafunzo ya mgambo, kisha nikapata kazi ya ulinzi Mbeya mjini, kwenye kampuni ambayo jina lake naliacha. Hapo tulikabidhiwa shotigani baada ya kila mtu kupiga risasi tatu tu mchana mmoja. Tatu, wadau! Usiku mmoja wakati wa kubadilishana zamu, mwenzangu akaipokea bunduki, akaambiwa "haina kitu hiyo", akaibonyeza ili "kuipumzisha". Ilikuwa na kitu. Vidole viwili vya mguu wake vilikwenda palepale, na masikio yangu yalipiga filimbi mpaka jioni ya pili. Mimi nilikuwa nimekaa nusu mita kutoka pale alipokuwa ameuelekeza mtutu dakika moja kabla.

Niliacha kazi mwezi uleule. Lakini swali likabaki: hivi mtu anafundishwaje silaha vizuri?

Jibu nimelipata kupitia mjomba wangu. Yeye ni mfanyabiashara wa mbao Mafinga, anapanda na kushuka barabara kuu ya Iringa na Mbeya akiwa na mkwanja. Baada ya kuvamiwa mara moja akaomba bastola kihalali, akapata, akaiweka nyumbani. Hakuwahi kuipiga tangu siku ya kuichukua! Shangazi akasema ama ajifunze ama airudishe. Ndipo tukaenda mara tatu kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji wa Iringa, kwa ruhusa na chini ya afande mstaafu. Leseni ni ya mjomba, si yangu, kwa hiyo mimi sikugusa ile bastola. Kazi yangu ilikuwa saa ya kuhesabu sekunde, daftari, na kuokota maganda. Haya hapa niliyoyaandika, nikiongezea niliyosoma.

1. SHERIA KWANZA

Hapa Tanzania silaha za kiraia zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Maombi huanzia serikali ya mtaa au kijiji, yanapita polisi na kamati za ulinzi na usalama. Leseni ni ya mtu mwenyewe na silaha iliyoandikwa humo. Haiazimwi kama baiskeli. Mwaka 2016 serikali iliendesha uhakiki wa silaha nchi nzima, na mwaka 2022, kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 31, ilitoa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu kwa hiari. Kwa hiyo kama kuna gobore la babu limefichwa darini, usilifanyie mazoezi. Ulizia utaratibu wa kusalimisha.

Kuhusu kujihami, soma Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 na vile vya 18A hadi 18C. Kwa lugha ya mtaani: una haki ya kulinda mwili wako, wa mwenzako na mali, lakini nguvu unayotumia iwe ya kadiri. Nguvu ya kuua inakubalika pale tu hatari yenyewe ni kubwa kiasi hicho. Mwizi anayekimbia na begi hakutishi uhai, mgongo wake si shabaha.

Na hasira si kujihami. Watu wa Iringa tunalijua hili kuliko wengi. Tarehe 25 Desemba 1971 kule Isimani, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, baada ya mabishano shambani. Watu wanabishana mpaka leo kuhusu nani alimkosea nani, lakini mahakama iliona ni mauaji, na Mwamwindi alinyongwa.

2. KANUNI NNE

Afande alitukalisha nusu saa nzima kabla ya kufungua sanduku. Kanuni hizi nne zilipangwa na Mmarekani Jeff Cooper (1920-2006), mwanajeshi wa zamani aliyefungua shule ya Gunsite huko Arizona mwaka 1976, na leo zinafundishwa karibu kila mahali:

(a) Kila silaha ichukulie kuwa ina risasi. Hata uliyoikagua sasa hivi.
(b) Usielekeze mtutu kwenye kitu usichotaka kukiharibu.
(c) Kidole nje ya triga mpaka macho yako yawe kwenye shabaha na umeamua kupiga.
(d) Ijue shabaha yako, na kilichopo nyuma yake.

Uzuri wake ni kwamba lazima uvunje zaidi ya moja ndipo mtu aumie. Yule mwenzangu wa Mbeya alivunja tatu kwa mpigo: aliamini haina kitu, akaelekeza mguuni, akaweka kidole. Angeshika hata moja tu kati ya hizo mbili za mwisho, leo angekuwa anavaa viatu vyake kama kawaida.

Kanuni ya pili kwetu sisi waandishi ina jina. Septemba 2, 2012, pale Nyololo wilayani Mufindi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa Iringa, Daudi Mwangosi, aliuawa na bomu la machozi lililofyatuliwa kwake kwa karibu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila kukusudia, miaka 15 jela. Watu huita bomu la machozi "silaha isiyoua". Mtutu haujui hilo.

Kuhusu kanuni ya nne: risasi ya bastola ya milimita 9 inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja kama hakuna kitu cha kuizuia. Ndiyo maana uwanja wa shabaha una tuta kubwa la udongo nyuma. Porini nyuma ya nyumba si uwanja, kuna watoto wanachunga huko.

3. VIFAA

Miwani ya kukinga macho, kwa sababu maganda yanaruka ya moto. Vizibo vya masikio ni lazima. Mlio wa bastola unafika kama desibeli 160, na kuanzia 140 sikio linaweza kuharibika kwa mlio mmoja tu. Mimi nimeshalipia ada hiyo. Mkanda mgumu na ala inayofunika triga kabisa. Kubeba bastola kiunoni bila ala, kama wale wa kwenye video, ni kujitafutia matatizo mahali pabaya. Ukimaliza nawa mikono kabla ya kula, maana risasi zina madini ya risi.

Na kwa sisi wa nyanda za juu: koti! Juni na Julai Mafinga vidole vinaganda asubuhi. Mjomba alifika na lile koti lake zito, akaambiwa avute silaha, mkono ukaingia kwenye mfuko wa koti badala ya kwenye ala. Tulicheka, afande hakucheka. "Hilo ndilo koti unalosafiri nalo? Basi fanya mazoezi nalo."

4. ZOEZI KAVU

Hili ndilo zoezi muhimu kuliko yote na ni la bure. Maana yake ni kufanya kila kitu bila risasi. Utaratibu: toa magazini, koki mara kadhaa, angalia chemba kwa macho na kwa kidole, kisha mtu wa pili akague. Risasi zote zipelekwe chumba kingine. Chagua ukuta mnene usio na mtu upande wa pili. Weka sarafu juu ya mtutu, lenga alama ndogo, bonyeza triga polepole. Sarafu ikidondoka, umeitingisha silaha. Dakika kumi zinatosha. Ukimaliza, sema kwa sauti "nimemaliza", halafu USIRUDIE. Ajali nyingi za zoezi hili hutokea pale mtu alipokwisha kupakia risasi kisha akajiambia "ngoja moja ya mwisho".

Mimi nilifanya kwa bastola ya mbao niliyochongewa na fundi. Wala sioni aibu.

5. KUSIMAMA, KUSHIKA, KUVUTA

Kuna mikao miwili mikubwa. Mmoja unaitwa Weaver, kwa jina la Jack Weaver wa Kalifornia: mwili upande kidogo, mkono wa silaha unasukuma, mwingine unavuta. Wa pili ni ule wa mikono yote miwili kunyooka mbele kama pembetatu, kifua kimetazama shabaha. Afande hakutaka ubishi, alisema simama kama mtu anayetaka kusukuma Landrova iliyonasa tope: miguu upana wa mabega, magoti laini, uzito mbele. Shika juu kabisa ya kitako, mkono wa pili uzibe nafasi iliyobaki.

Kuvuta kuna hatua nne: (1) mkono mmoja unainua nguo na kushika kitako, wa pili unakwenda kifuani, (2) silaha inatoka wima na kuelekezwa mbele, (3) mikono inakutana mbele ya kifua, (4) inanyooshwa, macho kwenye kinundu cha mbele. Kidole kinakaa ubavuni mwa bastola mpaka hatua ya mwisho. Kurudisha ni polepole, ukitazama ala. Hakuna zawadi ya kurudisha haraka.

Mara ya kwanza mjomba alitumia sekunde 4.8 kuvuta na kupiga karatasi iliyokuwa mita tano. Akajipongeza. Subirini.

6. HATUA SABA

Mwaka 1983 polisi mmoja wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliandika makala iliyobadilisha mafunzo ya polisi wa Marekani. Alipima watu wa kawaida wakikimbia futi 21, ambazo ni kama mita 6.4, na akaona wanatumia sekunde 1.5 hivi. Yaani mtu mwenye kisu aliye umbali huo anakufikia kabla hujamaliza kuvuta.

Afande alitufanyia jaribio hilo bila silaha yoyote. Mimi nikapewa rula ya mbao kama panga, mjomba akasimama mikono mitupu, kazi yake kugusa mkanda na kunyoosha mikono. Nilianza hatua saba. Nilimgusa begani wakati bado anahangaika na zipu ya koti. Tukarudia mara tano, mara zote tano nikamfikia. Wadau, mjomba wangu ni mtu wa maneno mengi, lakini hapo alikaa kimya kabisa.

Somo lenyewe: sogea! Ondoka kwenye mstari, weka gari au meza katikati, piga kelele, kimbia kama njia ipo. Na somo hili si kibali cha kumpiga risasi kila mwenye panga aliye hatua saba. Huku kwetu mtu mwenye panga mara nyingi anatoka shamba.

7. "ZOEZI LA MSUMBIJI"

Hili nilikuwa silijui, na nilipolijua nilishangaa. Kwenye viwanja vya shabaha duniani kote kuna zoezi la risasi tatu: mbili kifuani, unatazama, kisha moja kichwani kama tishio halijakoma. Wanaliita zoezi la Msumbiji. Kwa nini Msumbiji?

Kwa simulizi la Cooper, mamluki mmoja aliyeitwa Mike Rousseau alikuwa uwanja wa ndege wa Lourenço Marques, ambayo sasa ni Maputo, wakati wa vita vya ukombozi. Alipokata kona akakutana uso kwa uso na mpiganaji wa FRELIMO mwenye AK-47, umbali wa hatua kama kumi. Akapiga mbili kifuani kwa bastola ya Browning, yule bado akawa amesimama, akajaribu kichwani, ikampata shingoni. Cooper akaligeuza tukio kuwa zoezi la shule yake.

Sasa fikiria. FRELIMO ilianzishwa Dar es Salaam, Juni 25, 1962, na wapiganaji wake walifundishwa Kongwa na Nachingwea, kwenye ardhi hii hii. Yule aliyeanguka pale kwenye kona hakuna kitabu nilichokuta kinamtaja jina. Aliyefyatua ana jina, bastola ina jina, zoezi lina jina. Nilipomweleza afande, akaangalia chini kitambo, kisha akasema, "Sisi tutaliita mbili-na-moja." Tangu hapo kwenye daftari langu ni mbili-na-moja.

Kiufundi, funzo kubwa liko katikati, pale unapoTAZAMA. Tishio likikoma, na wewe umekoma. Risasi ya tatu bila kutazama itakupeleka mahakamani bila hoja.

8. KUBADILI MAGAZINI NA KUKWAMA

Kubadili: ile tupu iache idondoke, mpya iingie kwa nguvu, slaidi irudi mbele. Bastola ibaki usawa wa kifua ili macho yaendelee kuona mbele. Ikikwama: kidole nje, gonga chini ya magazini, vuta slaidi mpaka mwisho na iachie, tazama tena. Lakini ukibonyeza uwanjani na isilie, kwa mwanafunzi sheria ni nyingine: shikilia mtutu kwenye tuta, hesabu sekunde thelathini, mwite msimamizi. Risasi nyingine huchelewa kulipuka.

Kwa waliobobea kuna zoezi la Cooper liitwalo El Presidente: shabaha tatu, risasi mbili kila moja, badili magazini, mbili tena kila moja. Jumla 12, na kipimo cha zamani ni sekunde 10. Mjomba hakuruhusiwa, na bei ya risasi yenyewe ni kilio.

9. KUTOKUFYATUA

Zoezi la mwisho la afande lilikuwa picha. Anageuza karatasi ghafla: mtu mwenye panga, mtu mwenye simu, mama mwenye mtoto mgongoni. Siku ya kwanza mjomba "aliua" mtu mwenye simu. Ni karatasi tu, ila niliona jasho linamtoka na baridi yote ile.

JE, INASAIDIA KWELI?

Tuangalie majirani. Septemba 21, 2013, magaidi walipovamia Westgate, Nairobi, na watu 67 wakauawa, kati ya waliotangulia kuingia kuokoa watu walikuwamo raia wenye leseni na bastola zao, wakishirikiana na polisi wasiovaa sare. Abdul Haji, aliyekuja kuwa seneta wa Garissa mwaka 2021, alikuwa mmoja wao. Wakenya wana utamaduni wa kufanya mazoezi, uwanja wao wa Kirigiti kule Kiambu unajulikana. Wale wa Westgate hawakutegemea bahati tu. Huku kwetu viwanja ninavyovijua mimi ni vya majeshi na polisi, na raia mwenye leseni anaweza kukaa miaka bila kupiga hata risasi moja ya mazoezi. Hapo ndipo hofu yangu ilipo: tunahakiki karatasi, mikono hatuihakiki. Na walinzi wa usiku, wale wanaokaa na bunduki mlangoni mwa duka unalonunua mkate, nao wamepiga risasi ngapi? Kama ni tatu, kama sisi, basi tuna tatizo.

Mjomba siku ya tatu alifika sekunde 2.4. Ni nzuri, lakini bado si 1.5, na yeye mwenyewe ndiye aliyenikumbusha hesabu hiyo tukiwa njiani kurudi Mafinga. Akafanya maamuzi yake: malipo ya mbao sasa yanapita benki na kwenye simu, hasafiri usiku, na bastola inakaa kwenye kasiki iliyofungwa ukutani, risasi mbali. Shangazi anashika ufunguo wa pili. Mazoezi anaendelea nayo.

Yule mwenzangu wa Mbeya yupo, anauza viatu vya mitumba Mwanjelwa. Aliniruhusu niandike habari yake kwa sharti nisitaje jina. Anasema wateja wanapomuuliza kwa nini anachechemea, huwa anawajibu: "Niliambiwa haina kitu."

Naomba kutoa hoja. Walinzi, maafande wastaafu, wenye leseni, tupeni uzoefu wenu hapo chini: mlifundishwa kwa risasi ngapi? Niliyokosea nisahihisheni, matusi tu ndiyo sitayapitisha.